Sisi Watu wa Macho Makali

Ruiru,
Jumatatu, 3 Februari 2025

Kwa Shangazi Ajwang,

Salamu nyingi kutoka Ruiru, ambako vumbi limetushinda na mvua imetusahau. Sisi sote wazima. Baba anakusalimu, na goti lake linakusalimu pia, maana siku hizi haendi popote kabla ya kushauriana nalo. Mama amejiunga na kikundi kingine cha akina mama, cha tatu sasa, na Baba analalamika kwamba alioa Ngina lakini anaishi na mwenyekiti. Ndugu yangu Ronny bado yuko hosteli kule Kahawa Wendani. Anasoma. Hivyo ndivyo anavyosema, na sisi ni Wakristo, tunaamini tusiyoyaona.

Umeona nimefuata masharti yako? Kalamu nyeusi, herufi kubwa, na kuruka mstari mmoja kila baada ya mmoja. Shangazi, kutoka hapa hadi Thika ni nusu saa. Watu wengine huwatumia shangazi zao ujumbe kwa simu wakajibiwa kabla chai haijapoa. Mimi humwandikia wangu kama mfungwa anayeomba msamaha kwa rais, halafu nampa Dalmas barua, naye anaichomeka katikati ya magunia ya chakula cha kuku kwenye lori lake, nawe unaipata siku atakayokumbuka. Lakini ulisema simu ni ya watu wasio na adabu, basi na iwe hivyo.

Sasa jambo lenyewe. Nataka kuachana na miwani. Nimeibadilisha mara nne kwa miaka miwili na bado haitoshi. Kazi ya kope si ya kubahatisha; unapachika unywele mmoja baada ya mwingine kwenye jicho la mtu aliye hai. Mwezi uliopita nilimpamba bibi harusi, kope za kushoto zikaelekea mbinguni na za kulia zikaelekea Kitengela. Kwenye picha anaonekana kama mtu anayemshuku bwana harusi.

Kuna watu wamefungua chumba cha leza ya macho upande wa Kamakis, juu ya mahali pa nyama choma. Dakika kumi tu, unatoka unaona, na miwani unaitupa kwenye pipa lililo mlangoni. Pipa lipo kweli, na limejaa. Nilienda kupimwa. Jamaa akanivalisha miwani ya kupimia, akanionyesha ubao wa herufi, nikausoma wote, hadi ule mstari wa chini ambao nadhani uliwekwa ili kudhalilisha watu. Akasema hajawahi kuona. Nikamwambia sisi ni watu wa macho makali, shangazi yangu alikuwa mkaguzi wa vitambaa kiwandani Thika miaka kumi na mmoja, na uzi mmoja ukikatika kwenye gora zima aliupata.

Siku yangu ni Ijumaa tarehe 21 Machi. Mama huzimia akiona damu ya kuku, kwa hiyo nakuomba wewe uje unishike mkono. Na baraka zako nazitaka.

Lisalimie pazia lako la kijani, lile lenye mstari mweupe wa kupinda. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni mto kwenye ramani.

Wako mpenda shangazi,
Becky

&nbsp;

Thika, Makongeni,
19 Februari 2025

Binti wa kaka yangu,

Barua yako ya tarehe 3 imenifikia jana ikinuka pumba. Dalmas anasema lori lilivunjika ekseli hapo Juja. Lori lilikaa siku mbili, barua ikakaa wiki mbili. Hesabu hiyo nimemwachia yeye na Mungu wake.

Mimi sijambo. Macho yangu pia hayajambo, asante. Kanisani tumepata mwalimu mpya wa kwaya anayetaka kila mtu asome kutoka kwenye karatasi. Nimemwambia wimbo ulio moyoni hauhitaji karatasi, akanipa karatasi hivyo hivyo. Jirani yangu Mutheu amenunua jogoo ambaye hajui saa. Mwambie baba yako akande goti kwa maji ya chumvi. Mwambie mama yako kikundi cha nne kiwe cha kulala.

Sijui pazia unalolisema ni lipi. Pazia langu ni la kijani tupu, kitambaa halisi cha kiwanda, nilichopewa kwa heshima siku ninaondoka. Labda umelichanganya na la watu wengine.

Kuhusu leza, nasema la. Miwani inakupendeza. Uso wako ni mpana, miwani inaugawanya vizuri. Tena mahali panapoweka pipa la miwani mlangoni pananitia shaka. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Nina swali moja, na usinijibu haraka haraka. Huo ubao uliusoma kwa macho? Na je, walikupiga picha ya umbo la kioo cha jicho, kwa ile mashine yenye duara nyingi inayochora kitu kama ramani? Habari hizo nilizisikia redioni.

Tafuta daktari wa macho mwenye cheti akuchoree hiyo ramani kwanza. Na acha kufikicha macho.

Shangazi yako,
Ajwang

&nbsp;

Ruiru,
Jumatatu, 10 Machi 2025

Shangazi,

Habari za Makongeni, na jogoo je, amejifunza saa? Huku mvua imeanza na barabara yetu imerudi kuwa mto. Baba amepanda sukumawiki kwenye mitungi minne iliyokatwa, anaiita shamba, na jioni huenda "kukagua shamba". Ronny alikuja Jumapili iliyopita, akala, akalala, akaondoka na sufuria.

Nimekutii. Nimekwenda kwa daktari wa kweli, cheti ukutani, mlangoni hakuna pipa. Anaitwa Daktari Avni. Babu yake aliuza vitambaa huko kwenu Thika, na nilipomwambia habari zako alicheka, akasema huenda mzee aliwahi kununua gora lenye muhuri wako.

Alianza na ubao uleule kama wa Kamakis. Nikausoma wote bila kupumua. Akanitazama, akauzima, akawasha kioo chenye herufi nyingine. Shangazi, mstari wa tatu nilibahatisha, wa nne nikaanza kuomba. Sijui nieleze vipi. Ile ya kwanza ilinitoka tu mdomoni.

Kisha akanichorea ramani yako ya duara. Kile kioo cha mbele ya jicho kinaitwa konea, na chatakiwa kuwa kimeviringika sawasawa. Changu kimekuwa chembamba na kimechomoza upande wa chini, kama mpira wa futiboli uliochakaa mahali pamoja, huku bado unajazwa pumzi. Macho yote mawili, la kulia zaidi. Ugonjwa unaitwa keratokonasi. Aliniuliza kama huwa nafikicha macho, nikasema sina tabia hiyo, huku nikiyafikicha. Ni gundi ya kope, inawasha.

Nikamwambia sawa, basi nichagulie leza. Ndipo akanieleza, na mimi nakueleza kama nilivyoshika. Leza ya Kamakis, ya kufunua kifuniko na kunyoa konea, kwangu ni mwiko. Chapati iliyokwisha kuwa nyembamba hivyo huisukumi tena. Ikinyolewa itazidi kuchomoza, na mwisho nihitaji kupandikizwa konea ya marehemu. Kuna nyingine ambayo si leza kabisa, ingawa benchi lote pale nje lilikuwa linaiita leza. Wanakwangua ngozi ya juu ya konea, wanakutilia matone ya vitamini ya manjano kwa nusu saa hivi, halafu wanalimulika jicho kwa mwanga wa zambarau ili konea ikaze. Inauma siku tatu nne, na kwa wiki kadhaa unaona ukungu. Nikamuuliza, baada ya maumivu yote hayo napata nini? Akasema, "Unabaki ulivyo." Shangazi! Nimevuka matope hadi Nairobi kuahidiwa kubaki nilivyo!

Wengine huchanganyiwa, leza inasawazisha kidogo sana kisha ule mwanga unakaza, lakini hiyo inataka konea yenye unene, na jicho langu la kulia halifiki. Au leza inachimba njia ndogo ndani ya konea, wanapitisha vipete vya plastiki vya kuinyoosha. Hivyo vipete navyo haviuzuii ugonjwa, ukitaka uzuiwe unarudi kwenye mwanga. Kila mlango nilioujaribu ulinirudisha kwenye mwanga. Kuona vizuri kutatoka kwenye lenzi kubwa ngumu, baadaye.

Halafu akauliza, "Kwenu kuna mtu mwenye tatizo hili? Mzazi, shangazi, binamu?" Nikamwambia hakuna, sisi ni watu wa macho makali. Akaandika "hakuna". Akasema kama angekuwepo, ndugu yangu naye angepimwa mapema.

Kamakis nimewaeleza yote. Wamesema ramani ni ramani, kila mchoraji na kalamu yake, na tarehe 21 iko palepale. Shangazi, harusi za Aprili zinakuja. Huyu ananiahidi macho mapya kwa dakika kumi, yule ananiahidi nisizidi kuharibika. Naegemea kwa wa dakika kumi. Ukoo mzima hauna ugonjwa huu, kwa nini uanzie kwangu? Huenda daktari amekosea.

Niambie neno.

Becky

&nbsp;

Thika, Makongeni,
14 Machi 2025

Binti wa kaka yangu,

Barua yako imefika kwa siku mbili, nadhani Dalmas ameokoka.

Sisi wazima. Mvua imeangusha ua wa Mutheu, sasa yule jogoo anaishi kwangu bila kuulizwa. Kwaya inajitayarisha kwa Pasaka. Nimepewa kuimba peke yangu beti mbili, kwa sababu nazijua. Sukumawiki za baba yako zisimwagiliwe mchana.

Hiyo habari ya macho nimeisikia. Huyo daktari anaonekana mtu mwenye akili. Kubaki ulivyo si jambo dogo, watu wengi wangeliomba wakalikosa. Usiende Kamakis. Mimi ni mkubwa wako na nimesema.

Mengine tutazungumza siku moja, Mungu akipenda.

Shangazi yako,
Ajwang

&nbsp;

Ruiru,
Jumatatu, 17 Machi 2025

Shangazi,

Salamu. Wote wazima, goti pia.

Jana Ronny alikuja, nikawa namsimulia ule ubao ulivyonitoka mdomoni. Nikaanza kumtajia: E. F, P. T, O, Z. Hata sijafika mstari wa nne, yeye akadakia huku anapiga makofi na kuruka, mtu mzima, mwenye ndevu, "L, P, E, D!" Akaenda nayo hadi mwisho bila kukosea. Kisha akasema, "Zii, hapana Becky, hii si ile ngoma ya kamba ya Shangazi? Ya kwa kamba ya nguo?"

Baba aliacha kutafuna.

Nimekumbuka yote. Ulikuwa ukianika nguo Makongeni, ukinong'ona hizo herufi kwa mdundo, sisi tukazichukua tukaruka nazo kamba mpaka tukachoka. Mtaa mzima uliruka kwa ubao wa daktari wa macho. Nilimuuliza Baba wimbo huo ulitoka wapi. Akasema muulize mwenyewe, akaenda kukagua shamba, gizani, kwenye mvua.

Basi nakuuliza. Uliutoa wapi wimbo huo? Uliijuaje ile mashine ya duara? Ni redio gani hiyo inayotangaza ramani za konea? Na kwa nini hukuniuliza hata mara moja kama naogopa?

Naogopa, Shangazi. Mimi nikiogopa hufanya mambo haraka ili yaishe. Kitu kimoja tu kimebaki cha kunifanya niamini kwamba daktari amekosea, nacho ni kwamba kwetu hakuna mwenye ugonjwa huu. Nimekishikilia kitu hicho kwa mikono miwili. Kama ni cha kweli, Ijumaa naenda Kamakis. Usinipe amri tena, nina miaka ishirini na mitano. Nipe sababu.

Dalmas nimemwambia asipokupa barua hii leo, nitampachika kope usingizini.

Becky

&nbsp;

Thika, Makongeni,
Jumatano, 19 Machi 2025

Becky,

Leo sitauliza habari ya mtu yeyote.

Aliyepo ni mimi.

Nilianza kuona taa moja kama taa tatu nikiwa na miaka ishirini na saba, mwaka wa tatu kiwandani. Kila Januari tulipimwa macho kwenye chumba cha nesi. Ubao ulikuwa mmoja, haukubadilishwa, na tulipanga foleni mlangoni tukiwasikia wa mbele wakisoma kwa sauti. Mimi nilijipanga nyuma. Nilipofika ndani nilikuwa nimeusikia mara thelathini. Nisije nikausahau hadi Januari nyingine, niliurudia nikipika, nikifua, nikianika, na hata kazi ilipoisha ulimi haukuacha. Sikujua kama mlikuwa mnausikiliza, mpaka nilipowaona mkiruka nao kamba.

Kazi niliifanya kwa vidole. Kitambaa kilipita mezani, nami nilikuwa nimeweka mikono yangu miwili juu yake. Uzi uliokatika, fundo, shimo la sindano, vyote nilivigusa kabla wenye macho hawajaviona. Walinisifu kwa macho yangu, Becky. Nilipokea sifa hizo miaka mingi, na nilizipenda.

Mwaka wa 2003 daktari mmoja aliniambia jina la ugonjwa, lile ulilonitajia. Alinichorea ile ramani. Alisema huweza kutembea kwenye ukoo, niwaambie ndugu. Nilikuwa na mchumba aliyetarajiwa kuja na wazee mwezi wa Agosti. Nikaona nikisema nitapoteza kazi na mchumba. Mchumba hakuja, kwa sababu zake. Kazi nayo iliisha mwaka wa 2006, walipobadilisha ubao. Ninyi niliwaambia kwamba kiwanda kimepunguza watu. Baba yako hakuuliza, na nadhani hakuuliza kwa sababu alijua. Siri ndiyo pekee niliyobaki nayo, nikaitunza.

Hayo si mabaya zaidi. Ulikuwa kidato cha pili walipokuja shuleni kwenu kupima macho. Ulikuja kwangu umefurahi, ukasema umesoma ubao wote. Nilikuona unavyokunja uso ukitazama mlangoni. Nilikuona unavyofikicha macho kwa ngumi. Nilijua hukuusoma kwa macho. Nilikupa mandazi mawili nikakusifu. Wakati huo matibabu ya mwanga yalikuwa yamekwisha kufika Kenya. Hilo nililisikia redioni kweli.

Ningefungua mdomo siku ile, jicho lako la kulia lisingefika hapa. Nimelibeba hilo kila siku na sitakuomba uniondolee.

Simu siichukii. Siisomi. Herufi kubwa na kalamu nyeusi si adabu. Barua zako nazisoma nje saa nne, jua likiwa juu yake, karatasi ikigusa pua.

Daktari hakukosea. Yule wa Kamakis atakunyoa kile kidogo kilichobaki. Nenda kamwambie Avni afute "hakuna" aandike Ajwang.

Dalmas simwamini kwa barua hii. Naileta mwenyewe.

Ajwang

&nbsp;

Ruiru,
12 Juni 2025

Shangazi yangu,

Salamu kutoka kwa watu wote wa nyumba hii. Sukumawiki zimechukuliwa na konokono, na Baba anaomboleza. Mama anakuulizia kila siku, na ameunda kikundi cha nne. Sitakwambia cha nini, utakuja kushtukia umo.

Nimechelewa kuandika kwa sababu zile wiki za kwanza kila kitu kilikuwa uji. Jicho la kulia lilimulikwa Aprili, la kushoto Mei. Kila moja lilichoma kama mtu amekatia kitunguu ndani yake. Nililia siku tatu, kisha nikawa nalia kwa mazoea. Juzi Avni alichora ramani mpya. Haijasogea. Nimebaki nilivyo, Shangazi, na nilishangilia pale kitini kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Harusi za Aprili nilimwachia mwenzangu Dimple, na zimepita bila hata bibi harusi mmoja kumshuku mtu.

Ronny alipimwa. Anao, ndiyo kwanza unaanza, hata miwani hahitaji. Wamemmulika mwezi huu. Avni alisema angemkuta baada ya miaka mitatu asingekuwa na habari njema za kumpa. Ile sufuria ameirudisha.

Bado naiona siku ile ya Alhamisi. Mtu ambaye hajatoka Thika peke yake kwa miaka, uliyepitishwa Ruiru kwa sababu huwezi kusoma kibao, ukateremshwa Kahawa Sukari, ukarudi ukiuliza watu hadi mlangoni pangu, viatu vimejaa matope. Halafu, badala ya kuniambia, ukanipa bahasha, ukaketi mbele yangu na mkoba mapajani, ukangoja niisome. Nilikukasirikia. Nilikukasirikia sana, na mwezi mzima sikutaka hata kusikia mandazi yakitajwa. Lakini Kamakis sikwenda. Na nilipokuwa nikimulikwa ulinishika mkono wakati wote, vidole vyako vikikagua vyangu kimoja kimoja.

Avni ametazama vipimo ulivyofanyiwa pale, amesema lenzi ile kubwa inaweza kukufaa jicho la kushoto. La kulia lina kovu, huenda likahitaji konea mpya. Nimekuandikisha. Usiniambie wewe ni mkubwa wangu.

Becky

&nbsp;

Thika, Makongeni,
2 Septemba 2025

Binti wa kaka yangu,

Nakusalimu wewe, kaka yangu, wifi yangu na vikundi vyake, na Ronny. Jogoo wa Mutheu ameliwa. Alikuwa mgumu.

Lenzi ninayo siku ya tisa. Ni kubwa kama kifungo cha koti. Unaijaza maji, unainama kama mtu anayechungulia kisimani, unaitia. Siku ya kwanza ilinichukua saa nzima na maneno ambayo mwanakwaya hapaswi kuyajua. Kisha nikainua kichwa.

Nimemwona Mutheu. Amezeeka, sikumwambia. Nimejiona mimi, na hilo tuliache.

Halafu nikaliona pazia.

Lina mstari, Becky. Mweupe, unaanza juu kulia unateremka ukipinda hadi chini, kama ulivyosema, mto. Ni kosa la rangi. Uzi wake uko sawa, fundo hakuna, ndiyo maana vidole vyangu havikulipata, kwa sababu vidole havionji rangi. Nikageuza upindo wake nikaukuta muhuri wa mkaguzi. Namba 14. Ni mimi. Hili ndilo gora nililolipitisha na kosa lake, likawafanya wabadilishe ubao, na siku ninaondoka meneja alinikatia kipande chake, akakifunga vizuri, akanikabidhi mbele ya watu. Nilitoa hotuba ya shukrani.

Miaka kumi na tisa! Wageni wameketi mbele yake wakinywa chai yangu. Mchungaji. Mama yako. Baba yako ndiye aliyelitundika, kwa nyundo yake mwenyewe, akashuka ngazini, akasema limekaa vizuri. Hakuna aliyetamka neno. Nami nilidhani mwenye kuficha katika ukoo huu ni mimi.

Nilicheka hadi lenzi ikatoka. Kisha nikalia kidogo, kwa sababu sikujua kama mlinyamaza kwa kunipenda au kwa kunionea haya, na nikaona kwamba mimi nami sikuwahi kujua nilikunyamazia kwa lipi kati ya hayo.

Mkasi niliuchukua nikaurudisha. Nimelifua, limekauka. Njooni Jumamosi, wewe na Ronny, mlitundike tena, mstari ukae upande wangu, pale ninapoketi. Na mkikaa hapa mniambie kila kitu chenye kosa ndani ya nyumba hii. Anzeni na dari, sijaipenda.

Barua hii ijibu kwa herufi zako za kawaida, kalamu ya rangi yoyote, bila kuruka mstari. Nikishindwa kuisoma nitakwambia.

Shangazi yako,
Ajwang